Jumatatu Vienna: kisa cha fundi taa aliyekuja kuona dunia

Saa 7 usiku, Jumanne kuamkia Jumatano, basi letu lilikuwa linanguruma nyuma ya ukumbi mmoja wa Vienna. Trela limefungwa, dereva kashika usukani, watu 10 wamo ndani na kitanda kimoja kitupu. Simu ya mwenye kitanda haipatikani. Saa 7 na robo, kimya. Saa 7 na nusu kiongozi wa bendi akateremka kwa soksi akaniambia tuondoke, atajijua. Saa 8 kasoro dakika 10 fundi taa wetu akatokea kwenye kona anakimbia, koti mkononi, na neno la kwanza alilosema halikuwa samahani. Alisema, “Nilitaka nilione hata kwa nje.”

Mimi ndiye niliyekuwa meneja wa ziara ile. Ratiba niliipanga mimi, hoteli nilichagua mimi, na yeye nilimwajiri mimi. Kwa hiyo nachambua kisa ambacho nami ni mshitakiwa, msomaji alijue hilo mapema.

Ziara yenyewe ilikuwa ya siku 37, Oktoba hadi Novemba: maonyesho 26, siku 6 za kupumzika, siku 5 za njiani tu. Tulianzia Amsterdam, tukapanda hadi Skandinavia, tukashuka Berlin, Prague na Vienna, kisha Uswisi, Italia, Ufaransa na Hispania, tumalizie Lisbon. Nchi 13. Ukiichora kwenye ramani unaona wivu. Nilipompigia simu kumpa kazi nilijua malipo si ya kujivunia, nikaongeza kishawishi: “Lakini dunia utaiona.” Hakuna meneja asiyewahi kusema hivyo. Tunaisema kama vile muuza gari anavyosema gari lilikuwa la mwalimu.

Usiku ule ulikuwa wa 20.

Dakika 50 si nyingi kwa mtu anayesubiri rafiki. Kwa basi la ziara ni jambo lingine. Kutoka Vienna hadi Zürich ni kilomita zipatazo 750, na dereva tulikuwa naye mmoja. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 561 ya mwaka 2006 inamruhusu kuendesha saa 9 kwa siku, na mara mbili tu kwa wiki afike 10. Kila baada ya saa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa siku apate saa 11 za mapumziko, ambazo zinaweza kupunguzwa hadi 9 mara chache. Takografu, mashine ya kurekodi uendeshaji iliyo mbele yake, inaandika kila dakika, na polisi wa barabarani wanaweza kuisoma. Haibembelezwi. Nilikuwa nimeipanga safari ile kwa ile ruhusa ya saa 10, na hapo nilijibana mwenyewe: tukiondoka saa 7 usiku tunafika saa 6 na nusu mchana, kabla hata ya kuhesabu mpakani.

Na mpakani kulikuwa na kazi. Uswisi imo Schengen, lile eneo la kuvuka mipaka bila pasipoti kukaguliwa, lakini haimo katika Umoja wa Ulaya, kwa hiyo mara nyingi watu wanavuka bila kuulizwa kitu huku magitaa yakihojiwa. Kila kipande cha vifaa kimeorodheshwa kwenye carnet ya ATA, ile hati ya forodha inayoruhusu vifaa kuingia kwa muda na kutoka bila kulipiwa ushuru: jina, idadi, uzito, thamani. Unasimama kwenye foleni pamoja na madereva wa malori, afisa anagonga muhuri wa kutoka, mwenzake wa upande wa pili anagonga wa kuingia. Fulana za kuuza hazimo humo kwa sababu hazitarudi, hizo zina makaratasi yao.

Basi tuliingia Zürich tumechelewa, kujaribu sauti kukawa robo saa badala ya saa nzima, na bendi ya utangulizi haikujaribu kabisa. Dereva naye, kwa kuwa amechelewa kulala, asingeweza kuondoka usiku uliofuata kwa saa tuliyopanga. Onyesho lilifanyika. Watazamaji hawakujua chochote. Lakini asubuhi ile, kabla hatujafika, kiongozi wa bendi alikuwa ameshaniambia nimkatie fundi taa tiketi ya kurudi.

Nilimwomba siku moja. Si kwa huruma. Kuna neno moja lilikuwa linanikera: “hata kwa nje.”

Alichokwenda kukitazama ni jumba la makumbusho ya sanaa, Kunsthistorisches, ambalo lina picha nyingi za mchoraji Pieter Bruegel Mzee kuliko mahali pengine popote duniani. Ile ya wawindaji wanaoshuka kwenye theluji na mbwa wao imo humo. Fundi taa huyu alijifunza kuchora kabla ya kujifunza taa. Mwanga wa picha ile, aliniambia baadaye, ndio uliomfanya aanze kufikiria rangi ya ubaridi. Vienna ilikuwa mji mmoja aliousubiri tangu Amsterdam, na kwenye ratiba aliona tuna siku mbili pale: Jumatatu mapumziko, Jumanne onyesho.

Jumatatu alifika mlangoni. Pamefungwa. Kuanzia Septemba hadi Mei jumba lile hufunga kila Jumatatu, kama yalivyo makumbusho mengi ya Ulaya. Jumanne linafunguliwa saa 4 asubuhi, na saa 4 asubuhi ndiyo tuliyoanza kushusha mizigo. Baada ya onyesho, mizigo ilipokwisha kupakiwa karibu saa 6 usiku, akapanda treni ya chini ya ardhi akaenda kusimama kwenye uwanja ule wenye majengo mawili pacha yanayotazamana, akalitazama jengo. Treni hizo huenda usiku kucha wikendi na mikesha ya sikukuu tu. Usiku wa katikati ya wiki husimama karibu na saa 6 na nusu. Simu ikaisha chaji. Akarudi kwa mabasi ya usiku, la kwanza likiwa la upande usiofaa.

Hapo ndipo nilipochukua karatasi za ratiba za siku 20, moja moja, nikakaa nazo kwenye kiti cha mbele kando ya dereva. Nilitaka kujua jambo moja tu: ni saa ngapi fundi taa alikuwa yuko macho, hana kazi, yuko mjini, na kuna mwanga wa jua?

Kumi na nne. Kwa siku 20. Na tano kati ya hizo ni za Jumatatu ya Vienna, mbele ya mlango uliofungwa.

Nikahesabu za muuza fulana, yupo kwenye basi lilelile, analala kitanda cha juu yake. Zilipita 60. Yeye hana kazi hadi alasiri, meza yake huitandaza saa 11 jioni. Huyu ndiye pekee aliyekuwa akiona dunia, na nilikumbuka kwamba ndiye pekee aliyekuwa akituma picha. Dereva anaiona Ulaya nzima lakini ni barabara: mjini akifika anapelekwa hotelini kulala, mapazia yamefungwa. Mwimbaji anaona vyumba vya mahojiano. Fundi sauti anapata mwanya wa saa moja na nusu kati ya kujaribu sauti na milango kufunguliwa, ambao mwezi wa Novemba ni giza. Stockholm tulikuwa baada ya saa kurudishwa nyuma, jua linazama kabla ya saa 10 na nusu jioni.

Kwa nini taa ndiyo kazi mbaya zaidi kwa mtu mwenye hamu ya miji? Kwa sababu ya bomba. Taa zinafungwa kwenye mabomba yanayoshushwa hadi sakafuni na kupandishwa tena, na jukwaa lazima liwe tupu yanaposhushwa. Kwa hiyo fundi taa anatangulia kuingia, ngoma na amplifaya zinamfuata. Usiku mabomba hayawezi kushuka hadi ngoma zitoke, kwa hiyo anakuwa wa mwisho kutoka. Katikati, wenzake wakijaribu sauti, yeye anataka giza apange rangi zake. Ukumbi hauna madirisha, kuta zimepakwa nyeusi. Cologne alifanya kazi saa 13, na siku ya pili alidhani mnara mkubwa aliouona dirishani tukiondoka ulikuwa ndotoni. Lilikuwa kanisa kuu, mnara wa mita 157, lipo mlangoni mwa stesheni.

Nilipomuuliza ni kipi kilichokuwa kizuri mpaka sasa hakufikiri. Feri.

Nami naikumbuka. Kutoka Hamburg kwenda Copenhagen tulivuka kwa feri ya Puttgarden hadi Rødby, dakika 45. Sheria za usalama haziruhusu abiria kubaki kwenye sitaha ya magari, kwa hiyo alfajiri ile dereva aliwasha taa za basi na kupiga kofi vitandani. Vitanda vya basi la ziara vimepangana vitatu vitatu kama rafu za maktaba, unalala miguu ikielekea mbele ili breki zikishikwa ghafla kisitangulie kichwa. Tukatoka mmoja mmoja, nywele zimesimama, mmoja kajifunga shuka, tukapanda ngazi za chuma zenye harufu ya dizeli. Wengi walitafuta kiti wakaendelea kulala. Yeye alitoka nje. Nilimwona kupitia kioo, amejiegemeza kwenye ukingo, upepo unampiga mfuko wa koti, na upande wa mashariki bahari ikiwa imeanza kutofautiana na mbingu, mstari mmoja mwembamba wa rangi ya bati. Hakupiga picha. Meli ilipopiga honi ya kufika alikuwa wa mwisho kushuka.

Basi dunia aliyoiona katika siku 20 ilikuwa dakika 45 ambazo sheria ilimlazimisha aamke. Mimi sikuwa nimempa hata hizo.

Lililo langu na lililo lake

Nianze na lake, maana lipo. Alitoka usiku bila kumwambia mtu. Simu yake haikuwa na chaji. Hakuangalia saa ya treni ya mwisho, kitu ambacho kinachukua dakika moja. Na kwenye basi letu kulikuwa na utaratibu: anayeteremka usiku, iwe kituo cha mafuta au kwingineko, anaacha kitambulisho chake kwenye kiti cha dereva, ili dereva akalie kitambulisho kabla hajakalia safari. Yeye alidhani ni kwa vituo vya mafuta tu. Asubuhi iliyofuata alikuwa amelala kwa muda wa saa 3 tu, na kazi yake ni kupanda ngazi ndefu akiwa na taa ya kilo kadhaa mkononi. Zürich nilimkataza ngazi, wakapanda mafundi wa ukumbi naye akielekeza kutoka chini. Alikasirika. Hilo silijutii: anayetaka kuona mji kwa kukatwa usingizi anahatarisha pia kichwa cha mpiga ngoma aliyekaa chini ya bomba.

Langu ni kubwa zaidi, na halikuanza Vienna. Siku zangu 6 za mapumziko, nne ziliangukia Jumatatu. Sikufanya makusudi. Maonyesho ya Ijumaa na Jumamosi ndiyo yanayouza tiketi, kwa hiyo ratiba ikihitaji tundu, tundu linatobolewa usiku ambao watu hawatoki. Na kutwa ya siku hiyohiyo ndiyo makumbusho yamefungwa. Yaani soko la tiketi na kalenda ya makumbusho vimekutana mahali pamoja, na anayeumia ni mtu wa bendi. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na kabla ya pale nilikuwa sijawahi kuziweka kalenda hizi mbili meza moja.

Kisha hoteli. Basi lenye trela halipati maegesho katikati ya mji, kwa hiyo nilichagua hoteli za kando ya barabara kuu, zenye uwanja mpana. Ni raha kwa dereva na kwangu. Kwa mwingine, siku ya mapumziko inaanza kwa kutafuta njia ya kufika kwenye mapumziko. Nilijitetea moyoni kwamba siku ya mapumziko ni hasara tupu: basi linalipiwa, posho inalipwa, vyumba vinalipiwa, na hakuna senti inayoingia. Ni kweli. Lakini kama gharama yote hiyo imeshatoka, kuibana kwenye teksi mbili ni ubahili usio na hesabu.

Fundi sauti wetu, mzee wa kazi hii kutushinda wote, hakukubaliana nami. Alisema mbele ya kila mtu, kahawa mkononi: “Kazi ni kazi. Anayetaka utalii anunue tiketi kama watu wengine.” Kwa sehemu ana haki. Ziara haiwezi kuendeshwa kwa matamanio ya watu 11. Lakini mzee huyuhuyu ana benchi lake moja katika kila mji aliowahi kupita, analijua, analiendea, anakaa dakika 20, anarudi. Utalii anao. Ameufupisha tu hadi ukatosha kwenye mwanya wake.

Siku 17 zilizobaki

Hakurudishwa. Nilimwambia kiongozi wa bendi kwamba akirudishwa yeye, na ratiba ibaki ilivyo, atakayekuja atachoka mapema zaidi. Alikubali kwa shingo upande.

Tulichobadilisha zaidi ni mpangilio wa asubuhi. Kumbi nyingi za ukubwa wetu zina taa zao na fundi wao wa umeme. Hadi Vienna tulikuwa tunafika na kufunga kila kitu kwa mikono yetu, kwa mazoea. Kuanzia hapo fundi taa akawa anatuma mchoro wake siku mbili kabla, kila taa na namba yake, fundi wa ukumbi anaifunga sisi tukiwa bado njiani, na yeye anaingia saa 7 mchana kuzielekeza na kuzipa rangi. Basi likifika saa 3 asubuhi ana saa nne.

Milan ilikwenda vizuri. Lyon ikaharibika. Mchoro ulisomwa kinyume, taa za nyuma zikafungwa mbele, na saa zile nne zikaliwa zote pamoja na saa ya chakula. Aliondoka Lyon hajaona hata mto, na mji ule una miwili. Baada ya hapo aliongeza mshale mkubwa kwenye mchoro na neno moja: WATAZAMAJI. Hakuna aliyekosea tena.

Hoteli ya siku ya mapumziko Barcelona nilihamishia mjini. Dereva akalaza basi mbali na kurudi kwa teksi, akanilaumu nusu siku.

La tatu alilibuni mwenyewe: kitu kimoja kwa mji. Si orodha, kimoja, na kikishindikana hakuna cha pili. Nikaanza kukiandika kwenye karatasi ya siku, chini ya saa ya basi, pamoja na saa za kufunguliwa. Wiki iliyofuata wengine nao wakawa wananipa vyao. Mpiga besi alitaka kinyozi tu, kila mji. Nikaandika.

Madrid ilikuwa Jumatano. Makumbusho ya Prado hufunguliwa saa 4 asubuhi, na hata Jumatatu hayafungi. Bruegel aliyemkosa Vienna ana picha pale pia, ile ya jeshi la mifupa linalovamia nchi nzima, wafalme na wacheza karata kwa pamoja. Nilikwenda naye, nakiri kwa ulinzi kidogo, maana saa 7 ilikuwa saa 7. Ni ndogo kuliko nilivyotegemea, mita moja na kitu kwa upana. Alisimama mbele yake kama dakika 40. Mara akasogea hadi mlinzi akakohoa, mara akarudi nyuma akafumba jicho moja. Mwishowe akaniambia moshi ule wa nyuma hauna chanzo cha mwanga, moto haumulikii mtu yeyote, na ndiyo maana unatisha. Usiku ule, kwenye wimbo wa tano, alizima taa zote za mbele akaacha nyekundu moja nyuma kabisa, chini, isiyomfikia mtu. Kiongozi wa bendi aligeuka kutazama nyuma yake, jambo ambalo huwa halifanyi.

Nilipompigia kwa ajili ya ziara iliyofuata sikusema neno kuhusu dunia. Nilimtumia orodha ya miji na tarehe. Alipiga baada ya saa moja.

“Kaka, siku za mapumziko ni tano,” alisema. “Jumatatu tatu. Hizo umezifikiria, au zimetokea?”

Nikamwomba anipe hadi kesho.